Kutoka Tabora hadi Ujiji: Asafiriye Peke Yake Achukue Nini?

Mji wetu wa Tabora hauna bahari wala ziwa. Mwenye kusimama Kwihara, lilipo lile tembe la kale ambalo leo ni makumbusho, huona miembe, mashamba na vilima vya mawe, wala haoni hata mkondo mmoja wa maji wa kuelea mtumbwi. Hata hivyo mji huu ulipata kuwa bandari ya nchi kavu. Tangu katikati ya karne ya 19, wakati wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipoweka makazi yao Kaze, jirani na Wanyamwezi wenyeji wa nchi, njia zote kubwa za bara zilikutana hapa: moja ikitoka Bagamoyo na pwani, nyingine ikielekea kaskazini Karagwe na Buganda, na nyingine ikishuka magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika.

Hatuitaji njia hii kwa kujisifu. Ndiyo iliyopitisha Uislamu, lugha ya Kiswahili na mbegu za miembe. Lakini ndiyo pia iliyopitisha binadamu wenzetu wakiwa katika minyororo, na baadhi ya waliowaswaga walikuwa na majina kama yetu. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Mtoto wa Kiislamu wa Tabora anastahili kuambiwa mambo yote mawili.

Katika makala haya tunataka kuichukua njia hiyo kwa funzo moja la usalama, ambalo familia nyingi zinalihitaji leo. Nalo ni hili: mtu alivukaje pori la kilomita zaidi ya 1,000 bila ramani, na akafika?

Msafara ulikuwa ndio ulinzi

Jibu ni kwamba hakuvuka peke yake. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyevaa joho jekundu na kushika bendera, ambaye njia ilikuwa kichwani mwake. Ngoma na baragumu vilisikika ili wa nyuma wajue wa mbele wako wapi. Wanyampara waliwahesabu wapagazi kila jioni. Pagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na akianguka njiani palikuwa na mtu wa kuona kwamba ameanguka. Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857, waliingia Kaze tarehe 7 Novemba baada ya siku 134. Walikuwa na vipimo vya kila namna, lakini waliofikishwa na vipimo hivyo walikuwa wachache. Walio wengi walifikishwa na wenzao.

Dini yetu imelitia uzito jambo hili. Katika hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake, na katika nyingine, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, watatu ndio waliohesabiwa kuwa msafara. Lakini riziki haimpi kila mtu wenzake wawili. Dereva wa bodaboda huenda peke yake, mrina asali huingia porini peke yake, na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo huingia ziwani peke yake. Huyu wa mwisho ndiye aliyetusafirisha.

Safari ya kamati

Mama mmoja katika jamaa wa msikiti wetu ana mwana wa kwanza aliyehamia Ujiji. Kijana huyo ana mtumbwi wa tanga, na kazi yake ni kununua samaki na dagaa katika vijiji vya kusini na kuvileta mjini. Mwezi Juni uliopita upepo wa kusi ulimkamata akirudi jioni. Tanga lilichanika, usiku ukaingia, na mawimbi yakampeleka kaskazini hadi akapita taa za Kigoma asiweze kuzifikia. Alitua alfajiri karibu na upande wa Gombe, akiwa hai, alhamdulillahi. Lakini mkewe alidhani amelala kijijini, na wale wa kijijini walidhani amefika nyumbani. Usiku kucha hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba kuna wa kutafutwa.

Mama alikuja mbele ya kamati akiwa na fedha za ukoo, nasi tukaongeza kutoka mfuko wa sadaka mpaka zikatimia shilingi 300,000. Ombi lake lilikuwa moja: twende tukamnunulie mwanawe cha kumlinda. Kamati ikatuma watu wawili, katibu na mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya reli.

Treni kutoka Tabora hadi Kigoma huenda kama kilomita 400, na kwa sehemu kubwa hufuata upande uleule wa misafara ya kale. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tulipita Urambo na Kaliua, nchi ya tumbaku na miombo. Kisha Malagarasi, mto ambao zamani msafara haukuvuka mpaka watawala wa Uvinza wamelipwa hongo. Kisha Uvinza yenyewe, mji wa chumvi tangu enzi za mababu. Baada ya hapo ardhi huanza kuteremka, na asubuhi msafiri huliona ziwa.

Tulisali njiani, na hapo mzee wetu alituonyesha jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kibla cha Bagamoyo karibu ni kaskazini kamili, kikielekea mashariki kwa nyuzi 2 tu. Cha Tabora kimeegemea mashariki kwa nyuzi 14 hivi, na cha Ujiji kwa nyuzi 20 hivi. Kwa maneno mengine, aliyetembea njia ya misafara kutoka mwanzo hadi mwisho aliugeuza uso wake kidogokidogo kuelekea kulia, siku baada ya siku. Asiye na kifaa chochote naye ana kipimo: tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Wakati huo kivuli cha mti uliosimama wima hulala upande ulio kinyume na kibla. Kujua uelekeo ni elimu ya zamani katika umma huu. Qur'ani yenyewe, katika Suratul An'am aya ya 97, inazitaja nyota kuwa ni uongozi katika giza la bara na bahari.

Ziwa lisilo na mchezo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake hufika karibu mita 1,470, na ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi. Kati ya Mei na Septemba kusi huvuma kwa nguvu na kupandisha mawimbi ambayo mtu wa Tabora angedhani ni ya bahari. Watu wa kale waliliheshimu. Machi 1858 Speke alivuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kukodi jahazi la tanga la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Safari hiyo ilimchukua karibu mwezi mzima, sehemu yake ikiwa ni kungojea upepo utulie, na alirudi Ujiji bila jahazi.

Tulimkuta kijana wetu akishona tanga jipya.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimu. Hajalala vizuri tangu Juni."

Akatueleza usiku ule ulivyokuwa. Kisha akasema alichokuwa akikitaka: GPS ya mkononi, kama aliyoiona kwa watafiti wa samaki. "Ningekuwa nayo, mzee, nisingepotea."

Mzee akanyamaza kidogo. "Ungejua ulipo, mwanangu. Sisi tungejuaje?"

Katika swali hilo ndimo ulimokuwa uamuzi wetu wote. GPS ya kawaida ni sikio, haina mdomo. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi angani. Ikizisikia angalau nne, hupiga hesabu na kukuambia mahali ulipo kwa kosa la mita chache. Huduma hiyo hailipiwi, wala haihitaji mtandao wa simu. Lakini haimwambii mtu mwingine chochote. Kirangozi ni mmoja tu kati ya waliomlinda pagazi; anayehesabu watu jioni, anayepiga ngoma na anayeshika mkono wa aliyeanguka ni wengine. Anayekwenda peke yake hana budi kuwanunua wote, na fedha zikiwa chache aanze na yule anayeokoa uhai.

Historia ya Ujiji ina mfano wake. Livingstone, aliyekaa miezi kadhaa Kwihara mwaka 1872, alipata misiba miwili mwezi Januari 1867. Aliyebeba saa zake za kupimia longitudo alianguka, na vipimo vya baadaye vikawa na kosa. Na sanduku lake la dawa likatoroshwa. Kosa la kwanza liliharibu ramani. La pili liliharibu mwili wake, naye mwenyewe aliliona kuwa ni kama hukumu ya kifo.

Tulivyopanga matumizi

La kwanza lilikuwa jaketi la kuokolea, ambalo wengi huliita boya. Lebo yake huonyesha nguvu ya kuinua kwa kipimo cha nyutoni. Lenye 50 ni la mtu ajuaye kuogelea aliye karibu na nchi kavu. Lenye 100, ambalo huinua uzito wa kama kilo 10, ni la maji yaliyokingika, nasi tulilihesabu kuwa ni la chini kabisa kwa mtumbwi unaofuata pwani. Lenye 150 ni la maji ya wazi, na limeundwa kumgeuza aliyezimia awe chali. Yapo yanayojaa hewa kwa chupa ndogo ya gesi. Ni mepesi, lakini chupa hiyo ikishatumika mara moja lazima ibadilishwe, na mvuvi wa kijijini ataipata wapi? Tukachagua la sponji ngumu, nyutoni 100. Tulilikataa la kwanza tulilopewa dukani, kwa sababu lilipobonyezwa ndani ya ndoo ya maji lilitoka zito kuliko lilivyoingia. Tulilolinunua, kijana alilivaa akasimama nalo majini mpaka kifuani, akainua miguu, nasi tukatazama kama linampanda masikioni. Mikanda lazima ikaze. Jaketi lisilovaliwa, lililokunjwa chini ya samaki, ni mzigo tu.

La pili, kamba ya kujifunga. Mtumbwi wenye watu wawili humrudia aliyeanguka. Mtumbwi wa tanga wa mtu mmoja humwacha ukaenda zake. Kamba iwe fupi, ifungwe kiunoni na kwenye mtumbwi kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kidogo kiwe shingoni, maana mtumbwi ukipinduka kamba hiyohiyo inaweza kumzuia.

La tatu, sauti na mwanga: filimbi ya plastiki iliyofungwa kwenye jaketi, tochi mbili zisizoingia maji, na kioo kidogo cha kurudisha mwanga wa jua. Hizi ndizo ngoma na baragumu za aliye peke yake, na bei yake ni ndogo. Mtu majini hawezi kupaza sauti kwa saa nzima, lakini pumzi ya filimbi anayo. Tuliongeza kata ya kufulia maji, na dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri na kufungwa kwenye mtumbwi. Dumu kama hilo huinua karibu kilo 20. Lakini halishiki nafasi ya jaketi, kwani wimbi hulinyang'anya mikononi.

Hapo ndipo tulipofikia GPS. Kifaa kidogo kama Garmin eTrex 10 kikiwa kipya huuzwa zaidi ya dola 100 za Marekani, kabla ya usafirishaji na ushuru, na kingezimeza fedha karibu zote. Kina sifa zake: hutumia betri mbili ndogo za kawaida kwa takriban siku nzima, kioo chake husomeka juani, kina vitufe vinavyobonyezeka kwa kidole chenye maji, na hustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Lakini hakielei, basi sharti kiwe na kamba. Na kwa kuwa hakina dira ya ndani, huonyesha uelekeo wakati unapokwenda tu. Ukisimama, hakisemi kitu.

Kijana wetu alikuwa na simu ya kupangusa. Simu kama hizo karibu zote zina GPS ndani, na hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani iwe imeshapakuliwa. Tulimpakulia ramani ya ziwa akiwa mjini, tukamwekea alama ya ufuko wake, tukamnunulia mfuko usiopitisha maji, pawabenki, na dira ndogo ya sumaku isiyojua habari za betri. Kwa sasa hicho ndicho kirangozi chake. Kifaa kamili kitafuata fedha zikipatikana, in shaa Allah.

Tulimsisitizia tahadhari moja, nayo inamhusu kila mwenye kutumia vifaa hivi. Ujiji iko nyuzi 4 na dakika 55 kusini ya ikweta. Akiandika 4.55 kwenye kifaa kinachosoma kwa desimali, kifaa kitaelewa nyuzi 4 na dakika 33. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Kosa hilo ni la kilomita 40 hivi, tena kuelekea kaskazini, kule kule kusi lilikompeleka. Ni bora zaidi kuweka alama ukiwa umesimama mahali penyewe kuliko kuandika namba.

Kipo pia kifaa kidogo chenye mdomo, kinachopeleka wito wa dharura kwa setilaiti kwa masafa ya megahazi 406. Bei yake huzidi dola 250, na sharti kisajiliwe kwa mamlaka husika ili waokoaji wajue ni cha nani. Chama cha wavuvi kinaweza kukifikiria. Kwa mtu mmoja mwenye mtumbwi ni mzigo mzito.

Kilichobaki hakikuuzwa dukani

Pamoja na yote hayo, ulinzi mkubwa tuliouacha Ujiji haukugharimu shilingi hata moja. Ni karatasi moja ya daftari. Kabla ya kuondoka, kijana huandika aendako, atakalopitia, rangi ya tanga lake, na saa atakayorudi. Karatasi hubaki kwa mkewe, na habari yake humfikia mmoja wa ndugu wa msikiti wa jirani. Ikipita swala ya Magharibi hajaonekana wala hajapiga simu, ndugu huyo huwapigia watu wa kijiji alikokwenda. Ikifika Isha bila habari, hupewa taarifa polisi na wavuvi wenye injini. Na asubuhi kabla ya kuondoka husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kusi likitajwa, siku hiyo ni ya kushona nyavu.

Hivyo ndivyo msafara wa kale unavyoweza kurudi katika sura njema, bila minyororo yake. Anayesafiri ni mmoja, lakini nyuma yake wapo wanaomhesabu. Tumefundishwa kumfunga ngamia kisha tutawakali kwa Mwenyezi Mungu. Kumfunga huko si kazi ya mwenye ngamia peke yake ikiwa jirani anaona kamba imelegea.

Tunazishauri familia zote zenye kijana ziwani, porini au barabarani zijiulize usiku wa leo: akichelewa, nani atakuwa wa kwanza kujua, na atajua saa ngapi? Kamati za misikiti nazo zinaweza kuweka daftari la wasafiri karibu na daftari la michango. Mama yetu wa Tabora, tulipompelekea habari, hakuuliza bei ya jaketi. Aliomba namba ya simu ya yule ndugu wa Ujiji, akaiandika ukutani kwa mkaa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, wa nchi kavu na wa majini. Amin.